Mlango wa Handaki Hautiwi Kufuli

Huko Bremer, kwenye nchi ya ngano na vimbunga kusini ya jimbo la Nebraska, mlango wa handaki hautiwi kufuli. Tangu majani yachipue mpaka ngano iingie kihengeni, mlango huo una komeo la mbao tu, na mtu yeyote anayepita barabarani, awe jirani, awe muuza mbolea, awe adui yako, mbingu ikibadilika rangi ataufungua na kushuka chini ya ardhi bila kupiga hodi. Akikuta chupa za matunda rafuni na njaa inamuuma, atakula. Jambo hilo halikuandikwa popote. Watoto wamelikuta, kama walivyoukuta upepo.

Alvena Voth alikuwa na handaki zuri kuliko wengi. Lilichimbwa na baba mkwe wake nyuma ya nyumba, kuta za zege, paa la zege lililofukiwa udongo likaota majani, mlango wa bati umelazwa mshazari juu ya ngazi, na bomba la hewa limechomoza juu ya kichuguu kama shingo ya bata. Humo aliweka mapichi yake ya chupa, viazi, taa ya mafuta na benchi kuukuu la kanisa. Mumewe Menno alipokuwa hai aliwahi kusema watie kufuli, maana kuna panya wa miguu miwili anayapunguza mapichi. Alvena akamjibu, "Anza kutia kufuli kwenye mdomo wako, Menno. Panya mwenyewe ni wewe." Yakaishia hapo.

Ng'ambo ya shamba la ngano, upande wa magharibi, ilikuwapo nyumba ya Leota Schrag, dada yake mkubwa. Leota hakuolewa. Alibaki katika nyumba ya wazazi, akamuuguza baba yao mpaka akamzika, na nyumba ikawa yake. Kati ya nyumba hizo mbili baba yao alikuwa amepanda mierezi, miaka ile ya ukame na vumbi, akiimwagilia ndoo kwa ndoo, na miti ikakua ikawa ukuta wa kuzuia upepo. Kisha Menno akataka shamba liwe moja, ili mashine ya kuvuna igeuke bila taabu. Mpaka ulisema miti iko upande wake. Akaleta tingatinga. Alvena hakusema ndiyo wala hapana. Alimpikia dereva chakula cha mchana.

Siku hiyo Leota alisimama kwenye ngazi ya jiko lake akatazama mpaka mti wa mwisho ulipolala. Halafu akaingia ndani. Hakusema na mdogo wake tena. Menno akafa, Leota akaja mazishini, akakaa benchi la nyuma, akaacha sahani ya mikate mezani, akaenda zake. Kanisani mmoja alikaa kulia, mwingine kushoto, na mchungaji akazoea kugawa macho.

Na siku moja katika jiko la kanisa, wanawake walipokuwa wakizungumza habari za vimbunga, mmoja alisema, "Wewe Leota, ukizidiwa si utakimbilia kwa Alvena tu? Pale pale."

Leota alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. "Heri upepo unibebe mpaka Nebraska."

Neno hilo lilipendwa. Wilaya nzima ilijua limetoka wapi. Mtu akikataa kupanda pikapu ya mwenzake, au akikataa kuonja mboga ya mkwewe, watu walisema, "Mwacheni, huyo ni wa kubebwa mpaka Nebraska."

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa Mei. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, udongo umeshiba hauwezi kunywa tena, na ngano imesimama kifuani, imeanza kugeuka rangi. Asubuhi hewa ilinata mwilini. Ng'ombe walijibana kwenye pembe ya uzio, wameelekeza matako upande mmoja. Adhuhuri radi ilipiga nguzo huko Tull, umeme ukakatika upande wote wa magharibi wa wilaya. Watu hawakujali. Umeme hukatika, hurudi.

Alvena alikuwa mjini, jikoni mwa kanisa, akioka mikate ya vichwa viwili, donge dogo juu ya kubwa, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wa Eldora Goering. Jiko lilikuwa la gesi, kazi ikaendelea. Alasiri mbingu ya kusini-magharibi ilipata rangi ya kijani, kijani cha chupa iliyosahaulika. King'ora kikalia. Wanawake wakafanya kile ambacho watu wa Bremer hufanya kila mara kinapolia: wakafuta mikono, wakatoka nje kutazama.

"Uko wapi?"

"Ule pale. Nyuma ya mnara wa maji. Unaona mkonga?"

"Mwembamba."

"Mwembamba kama wifi yangu," alisema Eldora, "na roho yao ni moja."

Wakacheka. Mkonga ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye wingu, unajikunja, haujagusa chini. Ndipo mtu akasema, "Kuna wa pili." Na kweli kando yake wingu zima lilikuwa limeshuka, pana, jeusi, halina umbo la mkonga wala la kitu kingine chochote, ni ukuta unaotembea. Hapo hakuna aliyemtaja wifi. Eldora alichukua sinia la mikate kichwani, wakashuka chumba cha chini.

Sauti ilikuwa ya jiwe la kusagia linalozungushwa na mtu mwenye hasira. Ilikuja, ikakaa, ikapita. Vumbi la chokaa liliwaangukia mabegani. Walipopanda, kanisa lilikuwapo na madirisha hayakuwapo. Bremer ilikuwa imekoswa. Majengo mawili matatu yalikuwa yamevuliwa mabati, na mnara wa maji umeinama kidogo kama mtu anayesikiliza.

Redio ya betri ndiyo iliyoleta mengine. Mikonga ilikuwa saba, au minane, redio yenyewe haikuwa na hakika. Tull, shule imepoteza paa na vihenge vya zege vimepasuka, ngano ya watu wote imemwagika relini. Cold Ford, zile nyumba za magurudumu zimetawanywa, na kuna waliokufa, majina hayakutajwa. Daraja la mto limefungwa. Na kati ya Bremer na Cold Ford, mashamba.

Alvena alisikiliza mpaka mwisho. Shamba lake lilikuwa kati ya Bremer na Cold Ford. La Leota pia.

Galen Voth ndiye aliyemfuata. Galen alikuwa mtoto wa kaka yake Menno, na ndiye mkuu wa zimamoto wa kujitolea. Alisimamisha pikapu mlangoni pa kanisa bila kuzima injini.

"Mama mdogo, panda. Nilishaambiwa uko hapa salama, ndiyo maana kwako sikuchimba."

"Kwangu kuna nini cha kuchimba?"

"Nusu ya nyumba ipo, upande wa jiko. Banda la ng'ombe halipo. Kile kihenge kikubwa cha bati kimebingirishwa kama kopo mpaka nyuma ya nyumba."

"Na Leota?"

Galen alikipangusa kioo kwa kiganja ingawa kilikuwa safi. "Nyumba ya mama mkubwa haipo. Wanachimba handaki lake."

Walishika njia ya mashambani. Ngano ilikuwa imelala chini yote, mvua ya mawe imeipiga kama mkeka. Mabati yalikuwa yamejiviringisha kwenye nguzo za uzio. Katikati ya shamba la Stucky kilikuwapo kitanda kimetandikwa, mto wa kulalia ukiwa mahali pake. Kuku aliyenyonyolewa nusu alikuwa akitembea ukingoni mwa barabara, kama mtu aliyesahau alichotumwa. Walipita nyumba iliyosimama nzima, nguo zikiwa bado kambani. Iliyofuata ilikuwa msingi tu na ngazi ya kupandia mahali pasipokuwapo.

Kwa Leota palikuwa na watu wengi. Bomba la moshi la matofali, ambalo baba yao alilijenga kwa mikono yake, lilikuwa limebaki peke yake baada ya nyumba kwenda, kisha likafikiri upya likaangukia mlango wa handaki. Watu walikuwa wamejipanga safu, tofali linapita mkono kwa mkono. Alvena aliingia katikati ya safu. Hakuna aliyemwambia apumzike. Aliyekuwa kushoto kwake, Harlo Stucky, mzee wa mashamba ya kusini, alimpa tofali na kusema, "Shika," naye akashika.

"Leota namjua mimi," Harlo alisema baada ya muda, bila kumwambia mtu maalumu. "Wingu likitoka kubwa kama leso, yeye yuko chini tayari, anafuma soksi. Humu ndimo alimo."

"Tumegonga bati, hajajibu," alisema mtu wa mbele.

"Labda kakasirika."

"Kwa Leota hilo linawezekana," Harlo akasema, na watu wawili watatu wakatabasamu huku mikono inaendelea.

Walipofika kwenye mlango, wakauinua kwa mtaimbo. Chini hapakuwa na ngazi. Palikuwa na maji, meusi, yametulia, yamezimeza. Galen alivua koti, akashika tochi, akaingia. Maji yalimfika kifuani. Walimsikia akipapasa, akigonga, akipumua. Alikaa humo kwa muda ambao kila mtu aliuona ni mrefu. Alipotoka alikuwa na rangi ya udongo.

"Hayumo."

"Tazama tena," Alvena alisema.

"Mama mdogo, nimepapasa pembe zote kwa mikono na kwa miguu. Kuna kiti na chupa zinazoelea. Hayumo."

Watu wakasimama na matofali mikononi. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, ambaye hana gari, ambaye hatoki kwake mbingu ikiwa mbaya, hayumo nyumbani kwa kuwa hakuna nyumba, na hayumo handakini. Hakuna aliyelitamka neno la Nebraska. Lakini lilipita katikati yao, kila mtu akaliona likipita.

Galen alitazama jua. Lilikuwa limetoka chini ya wingu, karibu na ardhi, na kila kitu kilikuwa na kivuli kirefu. "Tujipange," alisema.

Kujipanga, watu wote wanakujua. Mnasimama mstari mmoja, mkono wa huyu ukinyooshwa usiguse wa yule kwa urefu wa reki, mnatembea taratibu kuelekea upande ambao upepo umekwenda, yaani kaskazini-mashariki, na kila mtu anatazama kipande chake cha ardhi. Hutazami cha mwenzako. Huachi mstari, kwa sababu ukiacha, kipande chako kimebaki bila macho, na huenda humo ndimo. Kwa kawaida hujipanga ili kuokota misumari na mabati ng'ombe wasije wakayameza. Safari hii walikuwa wakitafuta kitu kingine, na kila mmoja aliomba kisiwe kwenye kipande chake.

Alvena alitembea. Katika kipande chake alikuta uma, kurasa za kitabu cha nyimbo, kiatu cha mtu asiyemjua, na mfuniko wa sufuria aliyoitambua, kwa kuwa alikuwa akiigombania na Leota walipokuwa wadogo, nani akombe uji uliobaki. Aliviruka, ila mfuniko aliuokota. Alichokuwa akikifikiri ni yale maji.

Wengine waliyaona maji wakafikiri: mvua imezidi. Yeye alikulia pale. Handaki la Schrag lilikuwa kisima kila masika. Baba yao alilichimba bondeni kwa sababu udongo wa bondeni ni laini, akajuta maisha yake yote. Baba alipozeeka, Leota alinunua pampu ya umeme, nayo ikawa inanyonya maji mchana na usiku, na watu waliozaliwa baadaye wakajua kwamba Leota ana handaki kavu. Lakini pampu bila umeme ni chuma tu. Umeme ulikatika adhuhuri. Leota alipokwenda kushuka alasiri, mbingu ikiwa imeshageuka, alifungua mlango akakuta kisima.

Na zamani, walipokuta kisima, walifanya nini?

Alvena alipunguza mwendo. Zamani baba aliwasha kandili, akawafunga watoto kwa kamba moja kiunoni ili upepo usimchague mmoja, akasema, "Shika mti, halafu mti mwingine." Mierezi ilikuwa bado michanga, mirefu kama watoto wenyewe. Mbele ya kamba alitangulia Leota. Nyuma yake alishikwa mkono Alvena, analia. Walifuata miti mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa handaki la Voth. Wazee wa Voth waliinua mlango bila kuuliza. Mle ndani kulikuwa na kijana mwenye masikio makubwa anakula mapichi kutoka kwenye chupa. Alimnyooshea Alvena kijiko. Huyo alikuwa Menno.

Alvena akasimama kabisa. Pale mstari ulipata tundu.

"Alvena!" Harlo aliita. "Mstari!"

Galen alikuja mbio. "Mama mdogo, umeona kitu?"

"Kwangu ulifungua handaki?"

"Kwako nilipita wa kwanza. Nilitazama vyumba vilivyobaki, nikachora alama ukutani kwamba hakuna mtu."

"Nimesema handaki."

"Nifungulie nini? Mwenye handaki yuko kanisani. Asiyekuwapo na lake halipo." Kisha alielewa anachoulizwa, akashusha sauti. "Mama mdogo. Mama mkubwa aliapa. Kila mtu anajua alivyoapa."

"Aliapa. Alikuwa anamenya viazi. Mtu akimenya viazi huapa mengi."

Galen alitazama mstari uliosimama, akatazama jua. "Nikiwatoa watu hapa tukaenda kwako, na ikawa sivyo, giza litatukuta. Kama amelala mahali humu na bado anapumua..."

Alvena naye hakuwa na hakika. Alijua njia ya zamani. Hakujua kama dada yake aliweza kuipita tena, na miti haipo, na maneno yale yako kinywani. Kama alikuwa amekosea, alikuwa anaondoa macho kwenye kipande ambacho huenda Leota amelala.

"Nyinyi endeleeni," alisema. "Nipe mtu mmoja tu, mwenye shoka."

"Mchukue Harlo."

"Nimekuwa mtu wa kuazimwa kama koleo," alisema Harlo, lakini alikuwa ameshaanza kutembea.

Walikata shamba moja kwa moja. Nyumba ya Alvena ilikuwa imesimama kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali: jiko, meza, kalenda ukutani, na baada ya hapo mbingu. Kwenye ukuta wa jiko palikuwa na ile alama ya rangi nyekundu ya Galen. Nyuma yake kihenge cha bati kilikuwa kimejilaza kibapa juu ya kichuguu cha handaki. Mlango haukuonekana kabisa. Bomba la hewa lilikuwa limepindwa, mdomo umejaa matope na majani ya ngano, yamesokotwa na upepo yakakaza kama kizibo.

Alvena alipiga magoti akaanza kuchokonoa. Kwanza kwa vidole, kisha kwa mpini wa ule mfuniko wa sufuria ambao alikuta bado ameubeba. Harlo alikata waya wa uzio akampa. Yakatoka majani, yakatoka matope, yakatoka punje za barafu ambazo hazijayeyuka. Mara waya ukapita ukaenda chini bila kuzuiwa, na kutoka ndani ikaja hewa ya uvuguvugu, yenye harufu ya viazi.

"Leota!"

Harlo aligonga bomba kwa mpini wa shoka.

Alvena aliweka mdomo karibu zaidi. "Dada!"

Neno hilo hakuwa amelitumia tangu siku ya tingatinga. Wakasikiliza. Chini, mbali, kuku akatetea.

"Sauti hiyo si yake," Harlo alinong'ona, "ingawa wanakaribiana."

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa ya mtu aliyeamshwa.

"Mimi."

"Mimi ndiyo nani?"

"Alvena."

Harlo alivua kofia yake akaitazama ndani, kama kwamba mna kitu.

"Mlango haufunguki," ilisema sauti ya Leota. "Nimeusukuma kwa mgongo mpaka mgongo umenikatalia."

"Kihenge kimeulalia."

"Kihenge chenu?"

"Chetu."

"Ndiyo hivyo. Kila kitu cha Menno huniangukia mimi."

Alvena alikaa chini juu ya majani yaliyolowa. "Umeumia?"

"Kifundo cha mguu. Nimeteguka kwenye ngano yako. Hewa ndiyo ilikuwa inaisha. Nilianza kusinzia nikawaambia kuku niliokuja nao wapumue kidogo kidogo. Sasa inapita."

"Usisinzie tena. Sema na mimi."

"Niseme nini?"

"Chochote."

"Nyumba yangu ikoje?"

Harlo aligeuza uso akatazama upande mwingine. Alvena alisema, "Haipo, dada."

"Yote?"

"Bomba la moshi la baba lilibaki. Halafu nalo likaanguka."

"Hm. Na yako?"

"Nusu. Jiko lipo."

"Jiko likiwapo, nyumba ipo," ilisema sauti kutoka chini.

Harlo alikuwa ameshapanda juu ya mgongo wa kihenge, anapunga kofia na kupiga kelele kama mtu anayefukuza ndege. Ule mstari wa watu shambani ulisimama. Kisha ukageuka wote kwa pamoja, ukaanza kuja. Na kwa kuwa walikuwa hawajaambiwa wauvunje, walikuja vivyo hivyo, wamejitandaza, kila mtu kwenye kipande chake, wengine wanakimbia, mpaka walipofika uani.

Walikata bati kwa misumeno, wakafunga minyororo, trekta la Stucky likavuta. Kihenge kilipoinuka, mlango ulijifungua wenyewe kwa upande mmoja. Leota alitoka akiwa ameshikwa na Galen, kuku wawili ndani ya aproni, chupa ya mapichi mkononi imebaki nusu. Nywele zilikuwa zimejaa udongo. Watu walipiga makofi, akawatazama kama anawauliza wamefuata nini. Waliitikia wimbo mmoja wa shukrani pale pale uani, sauti nne, bila kitabu, kama wanavyoimba siku zote. Ubeti wa pili ulipoisha, Galen aliwapanga tena akawapeleka Cold Ford, kwa kuwa Cold Ford walikuwa bado wanatafuta.

Harlo alibaki kukunja minyororo. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," alisema. "Wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi mwaka huu sina cha kuvuna, mvua ya mawe imekula. Lakini kapu ninalo."

"Nenda nalo nyumbani kwako," Leota alimwambia.

Akaenda, anacheka.

Leota aliketi kwenye ngazi ya jiko, mguu umenyooshwa. Alitazama magharibi. Hapakuwa na kitu kati ya pale na kwake, na kwake hapakuwa na kitu. Jua lilikuwa linagusa ardhi.

"Ingekuwapo miti," alisema.

Alvena alisimama kando yake. "Ingeng'oka nayo."

Leota alifikiri. "Ingeng'oka," alikubali. "Lakini ningekuwa na cha kushika."

Kuku walishuka kutoka kwenye aproni wakaanza kudonoa ngano iliyomwagika.

"Njia nzima nilikuwa najisemea, atakuwa ametia kufuli," Leota alisema. "Nachechemea, mvua ya mawe inanipiga kichwani, najisemea, atakuwa ametia kufuli, na itakuwa haki yake."

"Mlango wa handaki hautiwi kufuli."

"Najua hautiwi. Nilikuwa najisemea tu." Alizungusha chupa mkononi. "Mapichi yako bado unazidisha sukari."

"Umekula nusu."

"Nilikuwa na njaa. Wageni wakiwa na njaa hawachagui."

Alvena akamchukulia ile chupa, akaiweka juu ya meza ya jiko lisilo na ukuta. Aliwasha gesi, haikuwaka. Alitoa mikate miwili aliyokuwa ameitia mfukoni mwa aproni huko kanisani, imebonyea, akaipangusa, akampa dada yake mmoja. Mbali, upande wa kusini-magharibi, wingu jingine lilikuwa limeanza kumulika, bila sauti.

Alikwenda nyuma. Ule mlango wa bati ulikuwa umepindika, lakini bawaba moja ilikuwa inashika. Aliulaza juu ya ngazi, akaukanyaga mpaka ukanyooka kiasi, akainama kugeuza komeo la mbao.

"Usilikaze sana," Leota alimwambia kutoka kwenye ngazi ya jiko, mkate mdomoni. "Kuna mtu anaweza kupita."